Jina la Pili Kwenye Daftari

Mama yangu mzazi alikuwa na picha mbili tu ukutani. Ya kwanza ni ya marehemu baba, amesimama mbele ya kanisa na suti aliyoazima. Ya pili ni ya Bwana Afya. Hakuwa ndugu yetu, wala shemeji, wala mchungaji. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyeanza kazi kwa kukagua vyoo vya watu hapa Bukoba, akaishia kuwafundisha wenyeviti wa mitaa na watendaji wa kata namna ya kujihadhari na maafa kabla hayajabisha hodi. Mimi pia nimo kwenye picha hiyo, ukiisogelea. Kile kiwiko chenye shati la bluu, upande wa kushoto kabisa, ni changu.

Nilimwonea wivu. Nalisema mapema ili usihangaike kulitafuta. Watu wakizeeka hupenda kusema, "Tulitofautiana kidogo kimtazamo." Hakuna cha mtazamo hapa. Ulikuwa wivu, nilikula nao na kulala nao, na sababu nilikuwa nazo.

Mwenye shahada nilikuwa mimi. Mratibu wa maafa wa mji nilikuwa mimi, cheo kimeandikwa mlangoni kwa rangi ya njano. Mpango wa kupunguza hatari za maafa, kurasa sitini na nne zenye ramani za rangi, niliuandika mimi, jioni baada ya jioni, mke wangu akiuliza kama nimeoa kompyuta. Na aliyemleta Bwana Afya kwenye mafunzo ni mimi vilevile. Nilitaka mtu wa kubandika makaratasi ukutani na kuwatania kwa Kihaya wazee wanaosinzia baada ya chakula. Nikasema, mchukueni yule Bwana Afya, anajuana na watu. Loh! Nilijichongea mwenyewe.

Siku ya kwanza umeme ulikatika nikiwa kwenye slaidi ya nne. Ukumbi mzima ukashusha pumzi, nikasikia kabisa. Bwana Afya akainuka na kumgeukia mwenyekiti mmoja mwenye tumbo lake, mtu wa heshima, akachanganya na Kihaya cha adabu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, waitu, naomba kukuuliza. Nyumbani kwako mlango wa nyuma unafungukia wapi?"

"Kwenye migomba."

"Unafunguka?"

"Unafunguka. Ila kuna kuni kidogo."

"Basi haufunguki."

Watu wakacheka. Akamwuliza wa pili, wa tatu, akazunguka ukumbi wote. Huyu ameziba mlango kwa kuni, huyu kwa magunia ya kahawa, huyu kwa pikipiki ya marehemu kaka yake isiyo na tairi. Kufika mwisho hakuna aliyekuwa anacheka. Umeme uliporudi slaidi yangu ya nne ikajitokeza ukutani, nzuri kabisa, na hakuna hata mtu mmoja aliyegeuka kuitazama.

Hilo swali la mlango wa nyuma lilikuwa salamu yake. Alikuuliza msibani, harusini, kwenye foleni ya benki. Alikuwa na fimbo aliyoitumia zamani kupimia kina cha vyoo, na juu yake alikata alama kwa kisu, kila alama kina cha maji ya mto Kanoni ulipofurika mwaka fulani. Hakuziandika miaka. Alisema mji mzima unajua miaka, usichojua ni urefu. Alikuwa akimsimamisha mtendaji wa kata kando ya fimbo na kumwonyesha: hapa goti, hapa kiuno, hapa mtoto wako wa darasa la pili hayupo tena. Mimi nilikuwa na grafu ya jambo hilohilo. Niliipenda sana ile grafu.

Mfukoni hakukosa kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Kabla ya kumwambia mtu jambo gumu alimpa punje mbili, kama tunavyompa mgeni, kisha anamsubiri atafune. Nilimwuliza maana yake. Akasema mtu mwenye kitu mdomoni hawezi kukukatiza. Mimi hakuwahi kunipa. Nilidhani ni dharau, na miaka hiyo yote nilikuwa naliangalia lile jani likizunguka ukumbini kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Methali alizichukia, jambo la ajabu kwa mtu wa umri wake. Baada ya lile tetemeko la ardhi lililopasua nyumba nyingi za mji, kila kiongozi aliyeshika kipaza sauti alianza na "usipoziba ufa utajenga ukuta". Bwana Afya aliacha wamalize, kisha anauliza, "Nani ana ufa nyumbani kwake leo?" Mikono ikawa inapanda taratibu, kwa aibu, maana wengi walikuwa wamepiga plasta na rangi juu yake wakaendelea na maisha. Akawafundisha kubandika kipande cha gazeti juu ya ufa kwa uji mzito wa unga wa ngano. Gazeti likichanika, ukuta unatembea, toa watu. Basi. Ukipita mitaa ya chini miezi ile ungekuta nyumba zina vipande vya magazeti ukutani, na mabibi wanavikagua asubuhi kabla hawajafungulia kuku. Jambo hilo mimi nilifundishwa chuoni. Nilijibu swali lake kwenye mtihani nikapata alama zote, na halikuwahi kunijia kichwani kwamba linaweza kufanywa kwa uji.

Usije ukadhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, alichelewa vikao, alifyonya mbele za watu. Alihubiri usalama barabarani huku amepakiwa kwenye bodaboda bila kofia, fimbo mkononi, miguu nje. Msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, aliahirisha mafunzo yote bila kuniuliza. Nilipomfokea alisema kila mwenyekiti atakuwa nje na ndoo, kwa hiyo ningefundisha viti. Halafu aliogopa maji. Mtu aliyefundisha nusu ya mkoa habari ya mafuriko hakujua kuogelea hata hatua tatu.

Hilo niligundua tulipotumwa Muleba, tuwafundishe viongozi wa kambi za wavuvi kisiwani Goziba. Hakuna njia nyingine ya kufika ila mashua. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Alikaa katikati, amekumbatia fimbo, macho ameyafumba, na tulipofika katikati ya ziwa akaanza kutapika. Alitapika mpaka Goziba. Mimi nilikaa ubavuni, upepo usoni, nimenyooka. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Tukashuka, wavuvi wakamwona mzee mzima anatambaa mchangani, wakamletea uji, wakamwuliza alikuwa anaogopa nini hasa. Akawaambia yote: kwamba alihesabu watu ndani ya mashua, akahesabu majaketi ya kujiokolea, hayakulingana, na tangu hapo tumbo lilikataa. Mafunzo yakaanzia palepale mchangani. Wale wavuvi wametoka kila pembe ya nchi, hawamsikilizi mtu, lakini walimsikiliza yeye kwa sababu alitapika. Mpaka leo nikikutana na mtu wa Goziba huniulizia hali yake. Mimi sikutapika, na hakuna anayekumbuka kama nilikuwepo.

Sasa nifike kwa mama, maana huko ndiko wivu ulikouma.

Mama alikaa bondeni, nyumba aliyojenga baba, hatua chache kutoka mto. Miguu yake ilikuwa imeanza kukataa. Nilimwambia ahamie kwangu mlimani. Nilimwonyesha ramani ambayo nyumba yake imo kwenye rangi nyekundu. Akavaa miwani, akaitazama kwa heshima, akasema, "Umechora vizuri, mwana wange." Kisha akaendelea kuchambua maharage. Wiki iliyofuata Bwana Afya akapita, akamwuliza mlango wa nyuma unafungukia wapi. Nilipokwenda Jumapili nikakuta kuni zote zimehamishwa, mlango unafunguka, na mama ananionyesha anavyoufungua.

"Mama, si nilikuambia hilo?"

"Wewe uliniambia nihame. Yeye aliniambia nihamishe kuni. Kuni naziweza."

Ndipo Bwana Afya akaja na jambo la daftari. Huku kwetu kila mtaa una chama cha kuzikana, na chama kina daftari. Humo wameandikwa wote: nani anaishi nyumba ipi, nani mgonjwa, nani hawezi kutembea. Mtu akifa, nyumba moja inaambia mbili, mbili zinaambia nne, na kabla chai haijapoa wanawake wamefika na ndizi, wanaume wamefika na kuni. Bwana Afya aliwauliza wenyeviti, "Habari ya kifo inazunguka mtaa chini ya nusu saa. Kwa nini habari ya mto ichukue siku nzima?" Akawaagiza walete yale madaftari. Kila asiyeweza kutembea aandikiwe majina mawili ya watu watakaombeba. Jina la kwanza ni la mtoto au ndugu wa damu, hilo ni lazima, maana ukiliruka umeitukana familia. La pili ni la jirani.

"La kwanza tunaliandika kwa heshima," alisema. "La pili ndilo la kufika."

Kwa mama, la kwanza lilikuwa langu.

Siku ya kufanya zoezi, mwenyekiti wa bondeni akatoa habari kama walivyofundishwa: mto unakuja, nyumba ya kwanza ni ya mama yangu, akamtaja kwa jina. Nyumba moja ikaambia mbili. Lakini habari ikipita njia ya msiba, watu wanaisikia kama msiba. Mimi na Bwana Afya tulikuwa tumesimama juu barabarani na saa mkononi, tukisubiri kuona watu wakipanda. Watu wakashuka! Wanaume na kuni begani, wanawake wamefunga vitenge kiunoni, mikungu ya ndizi, mikeka, madumu ya maji, wote wanaelekea kwa mama, palepale mto unapoanzia kufurika. Tukawafuata mbio, tukamkuta bibi mmoja anaingia uani kwa kilio. Mama akatoka na mkongojo wake.

"Nani amekufa?"

"Wewe!" yule bibi akasema, akakaa chini.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Siku hiyo nililala vizuri. Kesho yake niliandika ripoti ya kurasa nne, lugha ya adabu, nikaeleza kwamba zoezi lililobuniwa bila kuzingatia mpango uliopo limewakusanya wakazi wote kwenye eneo la hatari. Nilimpelekea mkuu wetu wa kazi kwa mkono wangu.

Bwana Afya alipoitwa kujieleza alicheka naye, akafuta machozi. "Mkuu, mtaa mzima umefika kwa dakika ishirini na tano, na ndizi wamebeba," akasema. "Kuwaleta tumeweza. Kimebaki kuwageuza." Akarudi bondeni akabadilisha neno moja tu la utaratibu: kuni, ndizi na mikeka viende moja kwa moja kanisani kwetu kule juu mlimani, na anayebeba mtu aje mikono mitupu. Wakarudia zoezi mara tatu. Mara ya tatu mama alibebwa mpaka kanisani na vijana wawili wa kwaya, akapewa chai, akafurahi mno. Picha ile ya ukutani ilipigwa siku hiyo. Nilikuwa nimesogea kando nijibu simu.

Mvua yenyewe ilikuja Jumamosi mchana. Mimi nilikuwa Dodoma kwenye semina ya maafa. Nilialikwa kuwasilisha mada, na mada ilikuwa hiyohiyo, utayari wa jamii za mijini, na mle ndani nilitaja daftari la kuzikana kana kwamba nimelibuni mimi. Walinipigia makofi. Nikarudi kitini, nikawasha simu, nikakuta mama amenipigia mara sita.

"Tuko kanisani," akasema. "Ukuta wa nyuma umeanguka. Wote tumetoka. Bwana Afya amenibeba."

Nilipaswa kusema Mungu ni mwema. Nilipaswa kusema asante. Unajua nilichosema? Nilisema, "Kwa nini yeye?"

 Nyuma ya mama nilisikia watu wanaimba.

"Kwa sababu alikuwepo, mwana wange."

Baadaye nikaambiwa yote. Jirani aliyeandikwa wa pili alikuwa amehamia Kashai, kata nyingine ya mji, na Bwana Afya alipolikagua daftari alilifuta jina lile akaandika lake. Mvua ilipoanza alishuka bondeni bila fimbo, mikono mitupu, kama alivyowafundisha wengine. Maji yalikuwa kiunoni. Mtu asiyejua kuogelea. Akamtoa mama kwa mlango wa nyuma, mgongoni, na njiani goti lake likapinda kwenye mtaro, akaendelea. Tangu siku hiyo hakutembea sawasawa tena.

Walimsifu kwenye baraza, wakampa cheti na khanga ya mkewe. Nilikaa mstari wa mbele. Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu wa familia ya yule mama angependa kusema neno. Watu wakanigeukia. Nikajifanya naandika. Ndiyo, mimi, mtu mzima na kalamu yangu, nikachora mraba, na ndani yake mraba mwingine, mpaka wakaendelea na ajenda iliyofuata.

Miaka ikapita na asante ile sikuisema. Mama alihamia kwangu mwishowe, picha zake mbili akaja nazo. Kila nikitoka kwenda kazini aliniuliza, "Umeshamwambia asante?" Nikisema bado, anasema haya. Bwana Afya alistaafu akarudi kwao Kagoma, Muleba, na mimi nikawa na visingizio: gari bovu, mvua, vikao. Mama alifariki mwaka jana kitandani mwake, pakavu. Alisema picha ya baba ibaki, ile nyingine irudi kwa mwenyewe.

Basi nikaenda. Nilipanda basi la asubuhi, picha nimeifunga kwenye gazeti. Nyumba yake iko chini ya mteremko, kibanja chake cha migomba kimepanda nyuma yake karibu wima. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, goti amelinyoosha kwenye kigoda. Mkewe alishatangulia. Alinitambua kabla sijafika.

"Afisa! Karibu, karibu. Pole kwa mama."

Nikampa picha. Akaifungua, akaitazama muda mrefu, akaisogeza machoni.

"Na hiki kiwiko cha nani?"

"Changu."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikacheka pia, ingawa iliniuma. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa jani kavu la mgomba, akanipa punje mbili za kahawa. Mimi! Nikaziweka mdomoni, na ndipo nikakumbuka ana maana gani nazo, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

"Mwenyekiti wa huku nilimfundisha mwenyewe," akasema. "Daftari letu limekamilika. Sasa na mimi nimo, kwenye orodha ya wa kubebwa." Akanipa daftari lililokuwa pembeni, ukurasa umekunjwa. Jina lake. Mbele yake jina la kwanza, mwanawe. Nilijua yuko Dar es Salaam, na kwamba mara ya mwisho alikuja kumzika mama yake. La pili, kwa mwandiko wake mwenyewe uleule wa kukagua vyoo, lilikuwa langu.

Nilimeza kahawa. "Bwana Afya, mimi nakaa Bukoba!"

"Bukoba ni karibu kuliko Dar."

"Ungeandika jirani."

"Majirani wenyewe wazee. Nimewaandikia wao watu pia." Akalichukua daftari, akalifunga. "Ukisikia mvua imeshika huku, panda gari uje. Ukichelewa, basi, umechelewa. Lakini wewe utakuja. Wewe hujui kumwacha mtu akushinde."

Nikafungua mdomo niseme lile neno nililoagizwa miaka yote. Nilikuwa nimelipanga ndani ya basi, kuanzia kwa mama hadi kwa goti. Nilifika "Bwana Afya, mimi nashu..." akanyoosha fimbo yake kunionyesha njia ya kuzunguka nyumba.

"Kaangalie kwanza. Mlango wa nyuma unafungukia wapi?"

Nikazunguka. Mlango ulikuwa mdogo, wa mbao, unatazama mteremko, na kuni zilikuwa zimepangwa mbele yake mpaka juu ya bawaba. Kwa goti lile asingeweza kuzihamisha. Nilisimama pale na kitu kinanikwaruza kifuani, nikadhani ni huzuni. Haikuwa huzuni. Nilikuwa namwonea wivu yule kijana wa Dar, ambaye sijawahi hata kumwona, kwa kuwa jina lake limeandikwa kabla ya langu.

Nikavua koti, nikalitundika kwenye mgomba, nikaanza kuhamisha kuni.